Raketi pacha, uzi wa rola moja, kilo 24 zote mbili: mbona moja ngumu na nyingine laini?

#1 MkonoWaNyuma
Wakuu salaam. Naomba wanaotia nyuzi wenyewe wanisaidie, nimeumiza kichwa wiki nzima.

Nina raketi mbili za tenisi za toleo moja, nilizinunua siku moja. Kichwa cha inchi za mraba 100, mpangilio 16 kwa 19, yaani nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Nyuzi nimekata kwenye rola moja la poliesta, unene milimita 1.25. Moja nikampelekea fundi mwenye mashine ya umeme, akavuta kilo 24. Ya pili nikaitia nyuzi mwenyewe kwa mashine ya jiwe niliyoazima kwa rafiki, kilo 24 vilevile. Zote jioni ya siku moja.

Kesho yake uwanjani: ya fundi mpira unatoka umetulia, unajua utaangukia wapi. Yangu mpira unazama kwenye nyuzi halafu unachomoka, mkono wa nyuma wa kila siku unapita mstari hatua mbili nzima. Nimezigonga kwa kiganja: ya fundi inalia juu, yangu inalia chini. Programu ya simu inayosikiliza mlio inasema ya fundi ina kilo 22.6, yangu 20.1.

Kilo si ni kilo? Kosa liko kwenye mashine, kwenye mkono wangu, au kwenye fremu?

#2 JiweLaMizani
Karibu sana kwenye ukoo wa mashine ya jiwe. Swali la kwanza: fimbo ilikuwa imelala sawa kila ulipovuta?

Mashine hiyo ni mizani tu. Jiwe linakaa kwenye fimbo, na kilo zilizochorwa kwenye fimbo ni za kweli pale tu fimbo inapolala sambamba na sakafu. Ikibaki juu au ikizama chini, unavuta pungufu. Kila digrii moja unapoteza kama kilo moja. Jibu lako ndilo hilo.

#3 HesabuKwanza
#2 mkuu, mwanzo wako sahihi, mwisho hapana. Upungufu unafuata kosaini ya pembe, na kosaini karibu na sifuri ni mvivu sana kushuka. Kwa kilo 24:

digrii 5: kilo 23.9
digrii 10: kilo 23.6
digrii 20: kilo 22.6

Ili upoteze zile kilo mbili na nusu za mtoa mada, fimbo iwe imeinama digrii zaidi ya 25. Raketi yake ina nyuzi 35 za kuvuta. Hakuna mtu anayeona fimbo imeinama hivyo mara 35 na akaendelea tu.

#4 JiweLaMizani
Nimekubali, kosaini imeshinda. Lakini usiliache jiwe hivihivi. Kile kigurudumu kinachoshika uzi kikiwa na vumbi, uzi unateleza ndani yake huku fimbo inashuka, na wewe unaona fimbo imelala ukadhani umemaliza. Pangusa meno yake kwa spiriti. Halafu ning'iniza mizani ya kupimia mizigo mahali uzi unapokaa, usome kilo zenyewe. Mimi hufanya hivyo kila nikihama na mashine, dakika tano tu.

#5 FundiWaJioni
Habari zenu. Mimi natia nyuzi mwaka wa 14 huu. Nimeanza na jiwe, nikahamia mashine ya mpini, sasa ya umeme. Mtoa mada hujatuambia kitu cha muhimu kuliko vyote: vibano vyako ni vya aina gani?

Watu wote wanatazama kinachovuta. Kinachovuta kikishavuta kinaachia, na kuanzia hapo kilo zako ziko mikononi mwa kibano. Kama ni vibano vya kusimama, vile vinavyofungwa kwenye meza ya mashine, uzi ukiachiwa unarudi nyuma kidogo mno. Kama ni vibano huru, vile visivyoshikwa na mashine bali vinabana nyuzi mbili kwa pamoja, uzi uliovutwa unaegemea jirani yake. Jirani ana kilo zake, naye anavutika. Kibano kinapinda, kinasogea kuelekea ndani ya fremu.

Fanya hivi: vuta uzi, bana, kisha chukua kalamu ya wino uweke alama ndogo kwenye uzi hapo ulipogusa ukingo wa fremu. Achia fimbo. Tazama alama. Ikiingia ndani milimita mbili au tatu, hizo si milimita za bure. Uzi wa wima una urefu wa kama sentimita 33, na poliesta ni ngumu, haivutiki sana. Ukirudisha milimita chache kwenye uzi mgumu umerudisha kilo nyingi. Kwenye nailoni au nyuzi za utumbo wa mnyama, milimita zilezile zingekuuma kidogo kuliko hapo, kwa kuwa hizo zinavutika kwa ukarimu.

Ndiyo maana mtu anaweza kutumia vibano huru miaka mingi na nailoni bila kulalamika, siku akibadilisha uzi tu, analia.

#6 Topspini
Fundi #5 nashukuru. Alama ya wino sikuwahi kuiwaza.

#7 MkonoWaNyuma
#5 ni vibano huru, viwili. Na nakumbuka kabisa: kila nikiachia, kibano kilikuwa kinainama kama mtu anayechungulia dirishani. Nikadhani ndiyo kawaida yake.

#8 Ratili53
Kabla hatujamhukumu kibano: mashine hizo mbili zinasoma kilo au ratili? Nauliza kwa sababu niliwahi kuumia. Fundi mmoja niliyempa raketi mashine yake ilikuwa ya ratili, mimi nikamwambia kilo 24, yeye akazidisha mara mbili akaweka 48. Kilo moja ni ratili 2.2, kwa hiyo 24 ni ratili 53. Ratili 48 ni kilo 21.8 tu. Nilicheza mashindano nzima nikidhani nimesahau kupiga mpira. Tangu hapo naandika namba zote mbili kwenye kikaratasi nakifunga shingoni mwa raketi.

#9 MkonoWaNyuma
Jiwe lina alama zote mbili, niliweka kwenye 53. Ya fundi nilisoma kioo mwenyewe, 24.0 kilo. Hapo tuko salama.

#10 Kisukusuku
Nina hoja ya tofauti. Mnaamini vipi ile simu?

Programu haipimi kilo. Inasikia mlio, halafu inakokotoa kilo kwa kutumia ukubwa wa kichwa na unene wa uzi ulioingiza wewe. Unene unaingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Ukidanganya 1.30 kwa uzi wa 1.25, kilo zinapanda asilimia 8 bila uzi kuguswa. Kwenye kilo 24 hiyo ni karibu kilo mbili! Na kama kwenye raketi moja umesahau kile kipira cha kuzuia mtikisiko, ndiyo kabisa.

Mtoa mada, fungua programu uone uliandika nini kwa kila raketi.

#11 MkonoWaNyuma
Aisee #10. Nimefungua sasa hivi. Raketi ya fundi: 1.25. Yangu: 1.20. Niliisajili wakati ina nyuzi za zamani na sikubadilisha.

#12 HesabuKwanza
1.25 gawanya kwa 1.20, zidisha jibu kwa lenyewe: 1.085. Kwa hiyo zile 20.1 ni 21.8. Pengo limeshuka kutoka kilo 2.5 hadi 0.8. Hongera #10, umetatua theluthi mbili ya kesi ukiwa umekaa.

#13 Topspini
Basi mtoa mada alikuwa anapiga nje kwa sababu ya simu 😄

#14 MkonoWaNyuma
Hapana #13! Mkono ulisikia kabla simu haijasikia. Nilichukua simu baada ya kucheza. Na kiganja kinasikia mlio bila kujua unene wowote.

#15 Gambusi
Mimi ni mpiga ala za nyuzi, tenisi nacheza wikendi. Mlio unapanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo: ukitaka oktava moja juu inabidi mkazo uwe mara nne. Kwa hiyo kutoka 21.8 kwenda 22.6 mlio unabadilika chini ya asilimia 2, ambayo ni kama theluthi ya nusu-sauti. Sikio lililozoea linasikia raketi zikigongwa kwa kufuatana. Likiwa limepita lisaa moja katikati, halisikii. Mtoa mada yuko sawa kwa sikio, lakini tofauti aliyosikia ni ndogo kuliko anavyoisimulia.

#16 Mshindio
Nimesoma yote na hakuna aliyegusa nyuzi za mlalo. Wafumaji wa nguo wana maneno mazuri kwa hizi: za wima zinazotangulia ni mtande, zinazopita juu-chini katikati yake ni mshindio. Nitayatumia, naona yanafaa kuliko haya ya kubahatisha.

Mtande unavutwa peupe, hakuna kinachouzuia. Mshindio unavutwa ukiwa umepenya kwenye nyuzi 16, juu, chini, juu, chini, na kila panapogusana pana msuguano. Kilo 24 zinaingia upande wa mashine, upande wa pili zinafika pungufu. Hilo ni kwa mashine yoyote, hata ya umeme.

Sasa tazama mkono wa fundi mzoefu. Mshindio ukiingia unakaa umepinda kama upinde, umebinuka kuelekea upande ambao bado hauna nyuzi. Fundi mzoefu anaunyoosha kwa vidole wakati mashine bado imeshika, ili mashine imeze ulegevu unaotokea. Anayejifunza anavuta, anabana, anaendelea, na mwisho wa kazi ndipo anaanza kunyoosha nyuzi zote kwa kucha zikae mraba. Uzi uliobanwa ukiwa upinde ukiunyoosha baadaye umelegea, kwa sababu njia iliyonyooka ni fupi kuliko iliyopinda. Mara 19.

Mtoa mada ulinyoosha lini?

#17 MkonoWaNyuma
Mwishoni. Zote. Nikiwa najisifu zimekaa mraba safi.

#18 FundiWaJioni
#16 amesema kweli na nakubali nililiruka. Naongeza mawili ya mshindio, kwa wanaojifunza.

Kwanza, fuma mmoja mbele. Maana yake kabla hujavuta mshindio wa sita, wa saba uwe umeshapenya. Mtande ambao bado haujabanwa na mshindio uliokazwa unafunguka kirahisi, vidole vinapita bila kukwaruzana.

Pili, ukivuta uzi mrefu kupita kwenye mtande, usiuvute ukiwa mahali pamoja. Upepee: mkono uende juu na chini kama unapepea jiko, ili msuguano usikae kwenye nukta moja. Nailoni na utumbo havisamehi. Nimeona mtande wa utumbo wenye kidonda kama umekatwa na wembe, na raketi haijapiga hata mpira mmoja. Ukiuweka kwenye mwanga unaona nyuzinyuzi ndogo zimesimama kama manyoya ya kuku aliyelowa. Uzi huo utakatika hapohapo.

#19 MpiraMpya
Samahani natoka nje ya mada kidogo, huo utumbo ni wa paka kweli? Na ni kweli Borg, yule bingwa wa zamani wa tenisi, alikuwa anavuta kilo 80?

#20 Mshindio
Paka hapana kabisa. Ni utumbo wa ng'ombe, ule utando wa nje. Zamani sana ulikuwa wa kondoo. Kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, ilianza kutengeneza nyuzi hizo za raketi mwaka 1875, na utumbo bado unauzwa hadi leo.

#21 HesabuKwanza
Na Borg ni ratili 80, si kilo. Kilo 36 na kidogo. Bado ni nyingi mno, tena kwenye fremu ya mbao yenye kichwa kidogo. Kilo 80 zingeikunja fremu kama kikapu.

#22 Ratili53
Mmeona sasa? Ratili na kilo. Nimesema tangu #8!

#23 Topspini
Upande wa pili kuna Mannarino wa Ufaransa, anayejulikana kwa kuvuta chini ya kilo 15, na ameingia kwenye ishirini na tano bora duniani. Kwa hiyo mtoa mada, 21.8 yako bado ni chuma kwake. Labda si nyuzi, ni mazoea.

#24 Kisukusuku
#23 mazoea yana nafasi yake, na kiwiko pia kina nafasi yake. Mimi poliesta ya kilo 25 ilinipa maumivu ya kiwiko miezi minne. Nilishauriwa niweke kipira cha kuzuia mtikisiko kwenye nyuzi, nikaweka, mlio ukabadilika na maumivu yakabaki palepale. Kipira kile kinanyamazisha mlio wa nyuzi, hakigusi pigo linaloingia kwenye fremu na mkono. Kilichonisaidia ni kushusha kilo na kuweka nailoni kwenye mshindio, poliesta ikabaki kwenye mtande. Federer alifanya kinyume, utumbo kwenye mtande na poliesta kwenye mshindio, na mkono wake ulidumu.

Nawaomba vijana mnaoanza: poliesta haikutengenezwa kwa ajili ya mtu asiyekata nyuzi. Kama raketi yako inakaa mwaka bila uzi kukatika, huihitaji.

#25 MpiraMpya
#24 lakini wote wanasema poliesta ndiyo inazungusha mpira?

#26 Topspini
Inazungusha, na sababu si ukwaruzaji kama wengi wanavyodhani. Ni utelezi. Mpira ukigusa kwa kukwangua, mtande unasogea pembeni juu ya mshindio, halafu unarudi kwa nguvu mpira ukiwa bado kwenye raketi, na kule kurudi kunauongezea mzunguko. Mpira unakaa kwenye nyuzi kama sehemu 4 au 5 za elfu moja za sekunde, yote yanatokea humo. Nailoni ikichakaa inashikana, mtande unasogea na kubaki huko, unaona watu wanazinyoosha kwa vidole kati ya pointi. Poliesta inarudi yenyewe.

Dunia iliamka mwaka 1997 Kuerten wa Brazil alipochukua taji la Roland Garros akiwa na nyuzi za poliesta za Luxilon ya Ubelgiji. Baada ya hapo hakuna aliyerudi nyuma.

#27 Mshindio
Na miaka 20 kabla yake kuna waliosogeza mtande kwa njia nyingine: raketi ya "spaghetti", nyuzi hazikufumwa kabisa, mtande ulikaa pande mbili za mshindio ukiwa umevishwa mirija ya plastiki. Mwaka 1977 Nastase aliitumia dhidi ya Vilas huko Aix-en-Provence, Vilas akaacha mechi, na mfululizo wake wa ushindi kwenye viwanja vya udongo ukaishia hapo. Shirikisho la kimataifa likaipiga marufuku, na tangu 1978 sheria inataka nyuzi zifumwe kwa kupishana. Kwa hiyo hiki tunachokifanya kwa vidole, juu-chini-juu, kimeandikwa sheria.

#28 JiweLaMizani
Uzi umehama kwenye nyuzi. Turudini kwa mtoa mada.

#29 FremuYangu
Nirudishe basi. Mmesema vibano, mshindio, simu. Hakuna aliyesema fremu yenyewe.

Mtande ukishavutwa wote bila mshindio, kichwa cha raketi kinafupika na kutanuka, kwa sababu kilo zote zinavuta kichwa kuelekea shingo. Mshindio ndio unaorudisha umbo. Meza yenye nguzo sita inaishika fremu isiende kokote. Meza yenye nguzo mbili, kama zilivyo nyingi za jiwe, inaiachia itanuke. Umbo likibadilika katikati ya kazi, nyuzi za mwanzo zilizokwisha kubanwa zinalegea au kukaza bila wewe kujua. Na mshindio usiporudisha umbo lote, raketi inabaki pana na fupi milimita kadhaa, na nyuzi zake zinalia tofauti.

Dawa ni futi tu. Pima urefu na upana wa fremu tupu, andika, pima tena ukimaliza.

Nilipoteza raketi kwa jambo hili. Nilimpa mtu anitolee nyuzi za zamani, akaanza kukata upande mmoja, moja baada ya nyingine, mpaka nusu ya kichwa ikawa tupu na nusu imekazwa. Nilisikia *tak*, sauti ndogo tu, nikadhani ni mkasi. Wiki moja baadaye ufa ukajitokeza saa tisa ya fremu. Nyuzi zikatwe kuanzia katikati, mtande na mshindio kwa kupishana, na usiiache raketi ilale na mtande peke yake hata usiku mmoja.

#30 FundiWaJioni
#29 pole sana, na umesema neno ambalo nalirudia kila siku kwa wateja wanaokuja na nyuzi zilizokatika: uzi mmoja ukikatika, kata na nyingine zote siku hiyohiyo, kuanzia katikati.

Kuhusu nguzo mbili, hapo sitakufuata mpaka mwisho. Nimepima fremu nyingi zilizotoka kwenye nguzo mbili zilizokazwa vizuri, na umbo lilikuwa sawa. Kinachoharibu ni kufunga nguzo kwa haraka.

#31 FremuYangu
Basi tutofautiane. Nguzo mbili zilizokazwa vizuri ni chache kuliko unavyodhani, wewe umezoea kuona zako.

#32 MpiniMmoja
Nimechelewa. Natumia mashine ya mpini, ile unayozungusha hadi inajifunga *tak*. Yangu inafika kilo na kujifunga. Sekunde ileile uzi unaanza kulegea na mashine haiufuati. Ya jiwe na ya umeme zinaendelea kuvuta uzi ukilegea. Kwa kawaida kilo zilezile zikitoka kwangu zinakuwa laini kuliko za umeme, nami huongeza asilimia 5 hadi 10 kwa mteja aliyezoea umeme.

Sasa ajabu ya mtoa mada ni hii: jiwe lilipaswa kuwa sawa na umeme au hata kukaza zaidi, kwa sababu jiwe linavuta taratibu na kwa muda mrefu. Limetoka laini. Kwa hiyo mimi nasema si jiwe. Ni vibano, nasimama na #5.

#33 Mshindio
Nami nasimama na mshindio uliopinda. Mara 19 ni nyingi.

#34 Kisukusuku
Na mafundo? Hakuna aliyeuliza. Uzi wa mwisho ukishafungwa fundo na kibano kikaachiwa, unarudi hadi fundo likaze ukutani. Fundo zito linalokokotwa kwa plaizi taratibu linarudisha kidogo, la haraka linarudisha sana. Halafu wengine wanachoma msharasi kwenye tundu lililokaliwa na uzi mwingine ili wapate nafasi ya fundo, wanautoboa. Msharasi uwe butu, na uingie ukizungushwa, si ukisukumwa.

#35 HesabuKwanza
#34 fundo linagusa nyuzi chache, za pembeni kabisa, mpira haufiki huko. Haliwezi kueleza katikati ya raketi.

#36 MkonoWaNyuma
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilikata nyuzi zangu (kuanzia katikati, #29, asante), nikatia upya kwa mashine ileile ya jiwe. Safari hii: vigurudumu nimepangusa kwa spiriti, mshindio nimeunyoosha fimbo ikiwa bado imelala, nimefuma mmoja mbele, na nimeweka alama ya wino kila nilipobana.

Alama: kwenye nyuzi mbili za kwanza za mtande ziliingia ndani karibu milimita nne. Zilizofuata, milimita moja au mbili. Kwenye mshindio, hazikuonekana kusogea kabisa. Vidole vyangu vya shahada vimechubuka pembeni ya kucha, lakini nyuzi zimetoka mraba bila kunyooshwa mwishoni.

Simu, unene 1.25 zote mbili: yangu 22.9. Ya fundi leo inasoma 21.4.

#37 Topspini
Yaani sasa yako ndiyo ngumu!

#38 MpiniMmoja
Subirini. Ya fundi imekaa siku ngapi? Poliesta inapoteza vibaya saa 24 za kwanza, na inaendelea. Umepima uzi wa leo na uzi wa siku tisa uliochezewa. Hilo si jaribio.

#39 MkonoWaNyuma
Ni kweli #38, siku tisa, na nimeicheza mara nne.

#40 FundiWaJioni
Milimita nne kwenye nyuzi mbili za kwanza ndipo nilipokuwa naelekeza kidole. Nyuzi hizo za katikati hazina jirani wa kuegemea, na mpira unagonga hapohapo. Ukishavuta uzi wa kwanza kila upande, rudi uvute upya zote mbili kabla hujapitisha wa pili. Wenye vibano huru wazoefu hufanya hivyo.

#41 Mshindio
Lakini fundi, alama za mshindio hazikusogea na raketi imekaza. Alichobadilisha kwenye mshindio ni kunyoosha. Kwenye mtande hakubadilisha chochote, alama zimeingia vilevile. Jaribio lake linanipa mimi haki.

#42 FundiWaJioni
Alipangusa vigurudumu pia. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja huwezi kumpa haki mmoja.

#43 JiweLaMizani
Vigurudumu nilivisema #4, nawakumbusha tu 🙂

#44 MkonoWaNyuma
Fundi wa mashine ya umeme amekubali kunifungia zote mbili, mkono mmoja, siku moja, rola hilohilo. Nitapima saa moja baada ya kutoka mezani.

#45 MkonoWaNyuma
Imefanyika. Raketi A: 23.1. Raketi B, ile niliyokuwa naitia mwenyewe: 22.6. Fundi alishangaa, akazipima tena, akapata vilevile. Halafu akazitia kwenye mizani ya gramu: A gramu 318, B gramu 323, zote na nyuzi. Na nilipoweka futi, B ni pana kwa milimita mbili kuliko A.

#46 FremuYangu
Milimita mbili! Zilitoka kiwandani hivyo, au ni ile siku ya kwanza kwenye nguzo mbili?

#47 MkonoWaNyuma
Sikuipima kabla.

#48 HesabuKwanza
Gramu tano kati ya raketi za toleo moja ni jambo la kawaida, usizihusishe na nyuzi. Ila upana huo nautaka. Ukija kukata nyuzi za B, ipime tupu, asubuhi na jioni, kabla hujagusa chochote. Na A pia.

#49 MpiraMpya
Jamani kabla uzi haujafungwa: mtu anayeanza leo na vibano huru, avute upya nyuzi za mwanzo kabla ya uzi wa pili kama alivyosema #40, au asubiri mtande wote uishe?